Uzazi wa Jongoo Bahari: Istilahi na Athari Zake katika Sera ya Uvuvi

Makala haya yanafafanua jinsi jongoo bahari anavyozaana katika maji ya pwani ya Afrika Mashariki, kwa kurejelea jongoo mchanga (Holothuria scabra). Aidha, yanaonyesha kwamba kitenzi kinachoteuliwa kueleza tukio hilo kina uzito katika uundaji wa sera.

Jongoo mchanga ana dume na jike, lakini hawatofautishwi kwa kuwatazama. Kila mmoja ana tezi moja ya uzazi, inayofungukia tundu dogo mgongoni, upande wa mbele. Hakuna kupandana. Wakati ufikapo, mara nyingi jioni, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, dume huinua sehemu ya mbele ya mwili, huyumbayumba na kumwaga manii majini. Manii hayo humchochea jike, naye humwaga mayai. Jike mmoja aweza kumwaga zaidi ya milioni moja. Utungisho hufanyika nje ya mwili. Kiluwiluwi huelea kwa takriban wiki mbili akila mwani mdogo mno, kisha hutua juu ya majani ya nyasi bahari na baadaye huhamia mchangani.

Ni kitenzi kipi kinachofaa? ‘Kuzaa’ huashiria mama na mtoto. ‘Kutaga’ humpa msomaji picha ya ndege na kiota. Vyote viwili hudokeza kwamba jike mmoja akibaki, kizazi kimesalimika. ‘Kumwaga mbegu’ husema ukweli wenyewe: mbegu zimwagwazo mbali na nyingine huchukuliwa na maji bila kukutana.

Hapa ndipo istilahi inapogusa sera. Kanuni ya ukubwa wa chini wa kuvuliwa humlinda jongoo mmoja mmoja, lakini haihakikishi kwamba waliokomaa watakuwa karibu. Kinachohitajika zaidi ni maeneo yaliyofungwa ambamo wengi wataachwa pamoja. Jambo hili ni la dharura, kwani jongoo mchanga aliainishwa mwaka 2013 katika Orodha Nyekundu ya IUCN kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka.

Isitoshe, kiluwiluwi hatambui mpaka wa Kenya na Tanzania. Inapendekezwa, basi, kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wataalamu wa uvuvi wasanifishe kwa pamoja istilahi za uzazi wa viumbe wa baharini, ili kanuni isomwayo Vanga ieleweke vivyo hivyo Tanga.