Mkuza Mitaala wa Kigoma na Ofisi Iliyo Mbali

Mkuza mitaala ni mtaalamu anayeamua, akishirikiana na wenzake, mwanafunzi ajifunze nini, kwa mfuatano gani, kwa njia zipi na apimwe vipi, na kwa sababu hiyo kazi yake hutangulia ile ya mwandishi wa kitabu cha kiada na ile ya mwalimu anayeingia darasani na chaki mkononi. Tanzania Bara kazi hiyo imekuwa na anwani moja kwa miongo mingi, nayo ni Dar es Salaam, yalipo makao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria mwaka 1975 kikiitwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, kisha kikapewa jina la sasa mwaka 1993. Mwalimu wa Kasulu au Ujiji, mkoani Kigoma, aliyehitajika katika kazi hiyo alisubiri barua ya wito, akasafiri kwa treni au basi, akakaa kwenye warsha siku kadhaa, kisha akarudi kituoni kwake bila kujua maoni yake yameishia wapi. Kompyuta mpakato na intaneti zimewezesha utaratibu mwingine, ambao mtaalamu hubaki mahali anapoishi na kazi ndiyo inayosafiri. Swali linalofaa kuulizwa ni iwapo utaratibu huo unafaa kwa mkoa kama Kigoma, ulioko mwisho wa Reli ya Kati, takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam.

Ili kulijibu swali hilo inabidi kwanza kuitazama kazi yenyewe. Mtaala ni mwongozo mpana unaotaja malengo ya elimu, masomo, muda wa kila somo na namna ya upimaji. Kutoka humo hutolewa muhtasari wa somo, ambao wengi huuita silabasi, nao huonyesha umahiri mkuu, yaani uwezo mpana ambao mwanafunzi anatarajiwa kuujenga, umahiri mahususi ulio sehemu yake, shughuli za kujifunza na vigezo vya upimaji. Baada ya muhtasari hufuata kitabu cha kiada, kiongozi cha mwalimu, na mwishowe karatasi ambazo mwalimu huziandaa mwenyewe, yaani azimio la kazi linalogawa mada kwa wiki za muhula na andalio la somo linalogawa dakika za kipindi. Sehemu kubwa ya mlolongo huu ni uandishi, ulinganishaji na uhariri, na hakuna kati ya mambo hayo linalodai watu wakae kwenye chumba kimoja. Waraka ukiwekwa mtandaoni, watu watano walioko wilaya tano wanaweza kuusahihisha kwa wakati mmoja, kila mmoja akiyaona maoni ya mwenzake. Yanayodai ana kwa ana ni mawili, nayo ni kukubaliana mwanzoni kuhusu malengo na kuyajaribu maandishi darasani, na hilo la pili litarejewa kwa kirefu, kwa kuwa ndipo uzito wa hoja ulipo.

Miundombinu ilikuwa kikwazo cha kwanza na haijaacha kuwa kikwazo kabisa. Nyaya za chini ya bahari zilizofika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliojengwa baadaye hadi mikoani, ziliipa Kigoma intaneti ya kasi ambayo hapo awali isingefikirika. Umeme ulichelewa zaidi, kwa kuwa hadi mwanzoni mwa muongo huu mkoa huo ulikuwa ukitegemea majenereta ya dizeli huku sehemu kubwa ya nchi ikiwa kwenye gridi ya Taifa, na yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kuandika kwa majenereta anajua thamani ya betri iliyojaa. Hata hivyo, Kigoma mjini si mkoa mzima. Vijiji vya pwani ya Ziwa Tanganyika kama Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, na Mwamgongo, kaskazini ya hifadhi ya Gombe, hutegemea boti kuliko barabara, na huko mtaalamu hulazimika kuandika bila mtandao na kutuma kazi anapofika mjini. Ujumbe kuchelewa njiani si jambo jipya kwa Ujiji. Mmisionari David Livingstone alipokuwa huko mwaka 1869 alituma barua nyingi kuelekea pwani na nyingi zilipotea njiani, kwa hiyo anayelalamika leo kwamba faili limekwama kwa nusu saa anastahili kuhurumiwa, ila kwa kiasi.

Wazo la elimu kuvuka masafa nalo si geni nchini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imefundisha kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992, kilijengwa juu ya mtandao wa vituo vya mikoani, Kigoma ikiwemo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko, zikafunguliwa kwa awamu mwezi Juni, masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni, na waandaaji wake walilazimika kukubaliana kwa simu na kwa mtandao kuhusu mambo ambayo awali yalihitaji warsha. Tofauti iliyopo ni kwamba katika mifano hiyo aliyekuwa mbali alikuwa mwanafunzi. Katika kazi inayozungumziwa hapa aliye mbali ni mwandaaji, na tofauti hiyo si ndogo.

Maana neno mbali hutegemea mahali linapopimwa. Mkuza mitaala anayekaa Ujiji yuko mbali na ofisi iliyomwajiri, lakini yuko karibu na darasa ambalo maandishi yake yatatumika, ilhali mwenzake wa makao makuu yuko karibu na ofisi na mbali na darasa hilo. Chukua mfano wa swali la hisabati kuhusu mwendo na muda linalotumia mabasi ya mwendokasi, ambayo yalianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016. Mtoto wa Mwamgongo anaweza kulikokotoa, lakini kwanza itabidi akisie basi hilo ni kitu gani, wakati swali lilelile likiandikwa kwa boti inayotoka kijijini kwake kwenda Kigoma mjini ikiwa na shehena ya dagaa, nguvu zake zote zingekwenda kwenye hesabu. Mfano huo ni mdogo. Ulio mkubwa zaidi ni kalenda. Uvuvi wa dagaa na migebuka katika Ziwa Tanganyika hufanyika usiku kwa kutumia taa, na hustawi wakati wa giza la mwezi, huku wavuvi wakipumzika mwezi unapong'aa. Kwa familia nyingi za mwaloni, yaani pale samaki wanapoteremshwa na kuanikwa, wingi wa kazi na fedha ya daftari hupanda na kushuka kwa kuufuata mwezi. Azimio la kazi lililogawa mada ngumu bila kuijua kalenda hiyo halina kosa lolote kwenye karatasi, na bado huenda likamkuta mwanafunzi amelala kwenye dawati.

Hata saa inasema jambo hilohilo. Tanzania nzima hutumia saa moja rasmi, lakini jua huchomoza Kigoma karibu dakika 40 baada ya kuchomoza Dar es Salaam, kwa sababu ya umbali kuelekea magharibi, na katikati ya mwaka kunapambazuka ikiwa inakaribia saa moja asubuhi. Ratiba inayomtaka mtoto awe shuleni kabla ya saa hiyo humtoa nyumbani kukiwa bado kiza. Mtu aliyeketi ukingoni mwa ziwa hahitaji kuelezwa jambo hilo na utafiti.

Yapo pia masuala ambayo ni ya ziwa lenyewe na yanaweza kuingia katika masomo ya nchi nzima iwapo mwandishi wake anayafahamu. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Katika tukio hilo moja kuna biolojia, uchumi, uraia na hesabu, na mwandishi mzuri angelifanya mradi wa muhula mzima. Kuna michikichi na mawese, ambayo ni uchumi wa mkoa kwa vizazi. Kuna Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, na ambako kazi ya hifadhi ilizaa tangu miaka ya 1990 juhudi za kuelimisha vijiji jirani kuhusu misitu na udongo. Hiyo nayo ni elimu iliyopangwa, ingawa haikuandikwa kwenye muhtasari wowote wa wizara. Lugha ni suala la peke yake. Ujiji imekizungumza Kiswahili tangu enzi za misafara ya biashara ya karne ya 19, lakini mtoto wa milimani Kasulu au Buhigwe mara nyingi huingia darasa la awali akiwa na Kiha, na maelekezo ya kiongozi cha mwalimu yanayodhani kila mtoto amelelewa kwa Kiswahili humwachia mwalimu kazi ambayo hakuandaliwa kuifanya.

Mkoa huo huo una mfano mwingine ambao unaonyesha kwa ukali zaidi mtaala unavyoweza kuwa mbali na wanaoutumia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na tangu mwaka 2015 ikapokea pia Warundi, ambao wengine walipelekwa Nduta wilayani Kibondo. Watoto wa kambini wamekuwa wakisoma kwa mitaala ya nchi walikotoka ili wakirudi wasipoteze miaka yao, na kwa hiyo ndani ya mkoa mmoja wa Tanzania kumekuwa na watoto wanaofuata mpango uliotengenezwa Kinshasa, wengine ule wa Bujumbura, na wenzao wa vijiji jirani ule wa Dar es Salaam. Wengi wa wanaofundisha humo ni wakimbizi wenyewe wanaolipwa posho. Mabadiliko yanapofanywa katika nchi ya asili, vitabu huchelewa kufika, na mwalimu huziba pengo kwa kunakili ubaoni kutoka nakala moja. Mtaalamu anayefanya kazi kwa mtandao angekuwa na manufaa makubwa hapo, kwani angeweza kulinganisha mihtasari miwili au mitatu, akaonyesha mada zinazofanana, akaandaa masomo ya daraja kwa mwanafunzi anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Itambidi tu akumbuke kwamba Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo kikao cha saa tatu asubuhi Kigoma ni cha saa mbili ng'ambo ya ziwa.

Kukaa Kigoma hakumfanyi mtu moja kwa moja kuwa mjuzi wa darasa. Anayejifungia chumbani Mwanga au Katubuka, mjini Kigoma, akaandika mchana kutwa bila kukanyaga shule hana alichomzidi mwenzake wa Dar es Salaam isipokuwa kodi nafuu ya nyumba. Majaribio, yaani kulifundisha somo jipya katika shule chache kabla ya kulichapa, yanahitaji mtu aketi nyuma ya darasa, aone ni wapi watoto wananyamaza na wapi mwalimu anaruka ukurasa, kisha azungumze naye kwa heshima bila kumfanya ajione anakaguliwa. Kupiga picha za video na kuzituma kwa wenzake kunasaidia, ingawa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, picha na majina ya wanafunzi si vitu vya kurushwa kwenye kundi la simu bila idhini. Ushirikiano na vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga ungepunguza mzigo huo, kwa sababu wanachuo wao huenda kwenye mafunzo kwa vitendo shuleni na wangeweza kujaribu maandishi wakiwa na mkufunzi anayewasimamia.

Upande wa ajira hauna mambo mengi ya kufichwa. Baada ya serikali kuipa Taasisi ya Elimu jukumu la kuandika vitabu vya kiada mwaka 2013, nafasi ya wachapishaji binafsi ilihamia zaidi kwenye vitabu vya ziada, ambavyo huhitaji ithibati, yaani kibali cha ubora, kabla ya kutumika shuleni. Kazi za mtandaoni hutoka kwa mashirika ya elimu, waandaaji wa vipindi vya watoto, kampuni za masomo ya simu, mashirika yanayohudumia wakimbizi na vyuo vya nje, na nyingi ni za mkataba mfupi. Mwalimu aliyeajiriwa serikalini anapaswa kupata ruhusa ya mwajiri kabla ya kuzikubali. Mkataba ueleze malipo ni kwa siku, kwa somo au kwa ukurasa, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei hiyo, na hakimiliki itabaki kwa nani, kwa kuwa mwandishi asiyeuliza hilo mwanzoni anaweza kuliona somo lake likiuzwa nchi nyingine bila jina lake. Namba ya mlipakodi nayo iwe tayari.

Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Walioanza darasa la tatu mwaka huo kwa mtaala mpya wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani, na kila mwaka hadi hapo kuna darasa jingine linalohitaji vitabu, viongozi vya mwalimu na zana za upimaji. Wanaoitisha timu za uandishi wawahesabu walimu wa Kagunga, Kasulu na Uvinza kuwa wajumbe kamili kwa njia ya mtandao, wawalipe fedha ya data kama walivyowalipa wenzao nauli, na angalau shule moja ya mwambao isiyofikika kwa barabara iwe miongoni mwa zile za majaribio.