Kijana, Nyumba na Rika: Afya ya Akili katika Kemambo na Nchi ya Wakurya

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, wanafunzi wengi wa Tanzania hufurahi. Katika kata ya Kemambo wilayani Tarime, na katika vijiji vya wilaya ya Serengeti vilivyo ng'ambo ya Mto Mara, wako wasichana ambao likizo hiyo huwatia hofu. Novemba na Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ndio msimu wa esaro, yaani tohara ya Wakurya, ambayo kwa desturi iliwahusu wavulana na wasichana pia. Wazee wa mila, waitwao inchama, hupanga majira, ngoma hulia, na vijana wa umri mmoja huingia utu uzima pamoja. Msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye mwalimu wake wa baiolojia amemweleza madhara ya ukeketaji hurudi nyumbani akiwa na elimu hiyo, akakuta ukoo mzima unashikilia elimu nyingine.

Kwa mtu anayetaka kufahamu jinsi nafsi ya kijana inavyojengwa au inavyovunjwa na wale wanaomzunguka, hali ya msichana huyo ina mengi ya kufundisha. Lakini kabla ya kuichambua, hapana budi kueleza kwa ufupi kinachotendeka katika ubongo wa mtu wa umri wake.

Wakati wa balehe ubongo hauongezeki sana kwa ukubwa, bali hupangwa upya. Sehemu za ndani zinazoshughulikia hisia, furaha na hofu huwa na nguvu nyingi mapema. Gamba la mbele, lililo nyuma ya paji la uso, ambalo kazi yake ni kupima mambo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa mpaka mtu apitapo miaka ishirini. Jambo hili mara nyingi hueleweka kombo, ikadhaniwa kwamba kijana hana akili. Akili anayo. Tofauti yake na mtu mzima ni kwamba macho ya wenzake yana uzito mkubwa mno katika mizani yake. Kuchekwa na rika, jambo ambalo mzee angelisahau kabla ya jua kuchwa, kwa kijana laweza kuwa msiba wa mwaka mzima.

Ni katika kipindi hicho hicho maradhi mengi ya akili huanza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulijumlisha tafiti 192 za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba kiasi cha thuluthi moja ya watu wenye maradhi hayo walianza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Shirika la Afya Duniani nalo hukadiria kwamba kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi arobaini na wawili na apige hesabu mwenyewe.

Mwaka 2003 wanasayansi wa Marekani, wakiongozwa na Naomi Eisenberger, waliwalaza watu ndani ya mashine ipigayo picha za utendaji wa ubongo, wakawapa mchezo wa kurushiana mpira katika kioo cha kompyuta. Baada ya kitambo, wale walioaminiwa kuwa wachezaji wenzao wakaacha kumrushia mpira aliye katika mashine. Picha zilionyesha kwamba sehemu ya ubongo ambayo hushtuka mtu aumiapo mwilini ilishtuka pia alipotengwa mchezoni. Wahusika walikuwa watu wazima, mpira ulikuwa picha tu, na hakuna aliyewatukana.

Sasa tumrudie msichana wa Kemambo. Yeye akikataa hupewa jina. Huitwa msagane, yaani asiyetahiriwa, na neno hilo hutamkwa kisimani, njiani na hata darasani kama tusi. Rika lake huvuka bila yeye. Baba yake huambiwa kwamba ng'ombe wa mahari watapungua, na hapo jambo huacha kuwa la msichana peke yake, kwa kuwa mara nyingi ng'ombe hao hao ndio watakaomwozea kaka yake mke. Kwa hiyo kaka anayempenda dada yake, na ambaye pengine humsindikiza shuleni kila asubuhi, ana sababu yake mwenyewe ya kutamani akubali.

Inafaa kusema wazi kwamba wazazi hawa, kwa sehemu kubwa, si wakatili. Mama aliyepita njia hiyo huamini kwamba anamwepusha binti yake na upweke, na kuhusu upweke huo hakosei. Kosa liko katika bei. Uchunguzi wa Alice Behrendt na Steffen Moritz, uliochapishwa mwaka 2005, uliwalinganisha wanawake 23 wa Dakar, Senegal, waliokeketwa, na wengine 24 ambao hawakukeketwa. Karibu thuluthi moja ya wale waliokeketwa walikutwa na maradhi ya nafsi yafuatayo mshtuko mkubwa: ndoto za kutisha, kumbukumbu zinazovamia bila kuitwa, na kuruka kwa hofu usikiapo kishindo kidogo. Hao nao walikulia katika jamii ambako tendo hilo lilihesabiwa kuwa la kawaida. Kwa maneno mengine, kukubaliwa na watu wote hakukuizuia nafsi kujeruhiwa.

Jeraha hilo lina namna yake ya kufanya kazi. Mtu apatapo hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo kotisoli, moyo ukaenda mbio, mwili ukajiandaa kukimbia au kupigana. Hofu ikiisha, hali hurejea. Kwa mtoto, kinachoituliza hofu upesi kuliko yote ni mtu mzima anayemwamini: sauti ya mama, mkono wa bibi. Lakini itakuwaje ikiwa hatari yenyewe inaletwa na mama huyo na bibi huyo? Mwili haupati pa kupumzikia. Hubaki macho juma baada ya juma, usingizi ukapungua, na kumbukumbu ikadhoofika, kwa sababu mkazo wa muda mrefu huisumbua pia ile sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Mwalimu ataona mwanafunzi aliyekuwa hodari wa hesabu akitazama dirishani mwezi mzima wa Oktoba, naye huenda akamwita mvivu.

Mvulana naye ana mzigo wake, ingawa hauzungumzwi sana. Akishatoka jandoni huhesabiwa kuwa mwanamume, hata kama ana miaka kumi na mitatu na bado yuko shule ya msingi. Agizo la mama, au la mwalimu wa kike, huanza kuonekana kama dharau. Katika Kemambo jambo hili limekutana na jingine. Kata hiyo iko jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo vijana wengi wa eneo la Nyamongo wamevutwa na mawe ya mabaki yenye chembe za dhahabu. Siku moja ya bahati yaweza kumpa kijana fedha ambazo baba yake, mkulima wa mahindi na mihogo, hazioni kwa miezi. Nani basi atamwonya mwenzake nyumbani humo?

Mwanasosholojia wa Marekani, Glen Elder, aliandika mwaka 1974 kuhusu watoto 167 wa mji wa Oakland waliokua wakati uchumi wa nchi yao ulipoporomoka miaka ya 1930. Alionyesha kwamba dhiki ya fedha haikumfikia mtoto moja kwa moja. Ilipitia katika mabadiliko ya nyumba yake: nani analeta chakula, nani ana sauti, na baba aliyepoteza kazi anakuwa mtu wa namna gani. Ndiyo kusema, uchumi huingia katika nafsi ya kijana kwa kupitia mlango wa nyumba yake. Fedha za ghafla nazo zaweza kuipindua nyumba kama umaskini wa ghafla, na baba aliyepokonywa heshima mara nyingi huitafuta kwa fimbo.

Kuhusu fimbo, uchunguzi wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walipigwa au kuumizwa mwilini na mtu mzima au mwenzi wao kabla ya kutimiza miaka 18. Wako walimu wasemao kwamba wao walichapwa na wakawa watu. Huenda. Lakini kijana ambaye tayari anaishi kwa hofu hajifunzi lolote kutokana na kiboko ila kwamba na shuleni pia hakuna pa kukimbilia.

Hata hivyo si kila anayekulia katika shida huvunjika. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kwa miongo kadhaa. Kiasi cha thuluthi moja walizaliwa katika umaskini, ugomvi wa nyumbani, ulevi au maradhi ya akili ya wazazi. Wengi wa hao walipata matatizo, lakini mmoja katika kila watatu alikua akawa mtu mtulivu, mchapakazi na mwenye kujali wengine. Miongoni mwa mambo waliyokuwa nayo hao wachache, moja lilijitokeza mara kwa mara: uhusiano thabiti na angalau mtu mzima mmoja, ambaye mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, jirani, au mwalimu.

Hapo ndipo sheria peke yake inapopungukiwa. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mabadiliko yapo, lakini ni ya polepole: katika mkoa wa Mara wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 32 katika uchunguzi wa taifa wa 2015-16, na asilimia 28 katika ule wa 2022. Sheria yaweza kumwadhibu ngariba, lakini haiwezi kumpa msichana rika la kuvuka nalo. Esaro humpa kijana jina, wenzake wa maisha, zawadi, na siku moja ambayo kijiji kizima humtazama yeye. Anayeondoa kisu bila kuweka kitu mahali pa hayo yote ameondoa hatari moja na kuacha shimo. Kwa sababu hiyo kituo cha Masanga, wilayani Tarime, huwakusanya wasichana wakati wa msimu, wakasoma, wakacheza na kumaliza kwa sherehe yao wenyewe.

Ng'ambo ya mto, Nyumba Salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014. Hapo kazi iliyo ngumu zaidi huja baada ya ngoma kunyamaza, Januari inapokaribia na shule kutaka kufunguliwa. Wazazi huendewa na kuzungumzishwa. Walio tayari kumpokea binti yao kama alivyo hutia saini ahadi ya kutomkeketa, na binti hurudi nao nyumbani. Wale ambao wazazi wao wamekataa hubaki kituoni, nao huenda shule kutokea hapo.