Kiini Kinachobeba Usanidi Wake

Kiini cha mfumo endeshi ni ile sehemu inayokaa kati ya maunzi ya kompyuta na programu nyingine zote, ikigawa kumbukumbu, ikipanga zamu za kichakataji na kuhudumia kila kifaa kilichounganishwa. Kiini cha Linux, kilichotangazwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, hakina umbo moja: kabla ya msimbo wake kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, kuna machaguo yanayozidi 10,000 ya kuamuliwa, kila sehemu iingizwe moja kwa moja, iwe moduli ya kupakiwa inapohitajika, au iachwe nje kabisa. Maamuzi hayo, ambayo mengi huchukuliwa kutoka orodha zilizoandaliwa tayari, huandikwa katika faili liitwalo .config, nayo ndiyo usanidi wa ujenzi.

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, jambo hili linagusa maisha ya kila siku. Shirika la Tunapanda limejenga Kibera mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi ya redio, na kampuni ya Poa Internet huuza intaneti ya bei nafuu katika mitaa yote miwili. Rauta nyingi duniani huendeshwa na Linux, na simu za Android vilevile. Aliyekijenga kiini yuko mbali, pengine Shenzhen, lakini kifaa kinapogoma anayekishika ni fundi wa Makina kule Kibera au Gatina kule Kawangware, naye hana faili la .config.

Chukua rauta iliyochomekwa modemu ya USB yenye laini ya simu: taa inawaka, ila mtandao haupatikani. Huenda bando limekwisha, au tundu la USB halitoi umeme wa kutosha, au modemu imeungua, na hayo yote fundi huyapima kwa mkono. Lakini huenda pia kiendeshi, yaani programu inayokiwezesha kiini kuwasiliana na modemu, hakikujengwa kamwe, na hilo halionekani kwa jicho. Hapo ndipo chaguo liitwalo CONFIG_IKCONFIG linapofaa, kwa kuwa likiwashwa wakati wa ujenzi, faili zima la usanidi hubanwa na kutiwa ndani ya kiini chenyewe, na chaguo mwenza CONFIG_IKCONFIG_PROC hulitoa kama /proc/config.gz, linalosomeka kwa amri ya zcat. Fundi hutafuta CONFIG_USB_SERIAL_OPTION, kiendeshi cha modemu nyingi za aina hiyo: akikuta herufi y, kimo ndani, akikuta m, atafute moduli yake na aone kama imepakiwa, na akikuta hakikuwekwa, basi kununua modemu nyingine ya aina ileile ni kupoteza pesa, maana kinachohitajika ni kiini kingine. Hata rauta isiyowaka kabisa huweza kuchunguzwa, kwa sababu programu ndogo ya extract-ikconfig, inayokuja pamoja na msimbo wa Linux, huusaka usanidi huo katika nakala ya kiini iliyowekwa kwenye kompyuta nyingine.

Watengenezaji wengi huliacha chaguo la CONFIG_IKCONFIG wakitaja nafasi, na zamani walikuwa na sababu: mfumo wa OpenWrt, ulioanza mwaka 2004 baada ya msimbo wa rauta ya Linksys WRT54G kutolewa, ulibanwa katika hifadhi ya megabaiti 4 tu. Leo, usanidi uliobanwa unapochukua makumi ya kilobaiti, udhuru huo umechakaa. Hoja ya usalama, kwamba mshambuliaji ataujua undani wa kifaa, nayo ni dhaifu, kwani CONFIG_IKCONFIG_PROC inaweza kuzimwa huku usanidi ukibaki ndani. Android yenyewe, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, huusoma usanidi huo ili kuhakiki kama kiini kinatimiza masharti yake.

Usanidi hauelezi kila kitu, kwa maana viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, alivyoongeza mtengenezaji havimo, na kuvipata kunahitaji msimbo wenyewe, ambao leseni ya GPL toleo la 2 inamlazimu anayesambaza kiini cha Linux kuutoa. Hata hivyo, shule, vituo vya vijana na mitandao ya jamii inayoagiza rauta haina budi kulitaja chaguo la CONFIG_IKCONFIG katika mkataba wa ununuzi, kabla fedha hazijalipwa.