Baada ya uzamili, sekunde tatu za kusubiri

Watu wakisikia mwalimu wa darasa la awali amemaliza shahada ya uzamili, huuliza swali lile lile: sasa utahamia chuoni au ofisi ya halmashauri? Wengi hawaamini kwamba mtu aweza kusoma kiasi hicho kisha akarudi kukaa mkekani na watoto wa miaka mitano. Mimi nimerudi, na huko mkekani ndiko masomo yale yalikopata kazi.

Kilichobadilika zaidi ndani yangu ni usikivu. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu huwaachia wanafunzi baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja tu. Baada ya hapo mwalimu hurudia swali au humgeukia mwingine. Walimu walipojizuia kwa sekunde tatu hivi, majibu yalirefuka, waliokuwa kimya walipungua, na watoto waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kuchangia.

Sasa mfikirie mtoto wa kijijini Shinyanga ambaye nyumbani husemeshwa Kisukuma. Anaingia darasani, anaulizwa kwa Kiswahili mawe ni mangapi. Inambidi kwanza alielewe swali, ahesabu, kisha atafute neno la kujibia. Sekunde moja itamtosheaje? Tangu nilipolielewa hilo, mtoto akinyamaza namwangalia macho na vidole. Mara nyingi vidole vimeshaanza kuhesabu.

Masomo yalinirudisha pia kwenye michezo yetu. Katika mdako, mtoto hurusha jiwe juu na kabla hajalidaka huyachota mawe yaliyo kishimoni. Akirusha tena, huyarudisha na kubakiza moja; duru inayofuata hubakiza mawili. Kama mawe ni kumi, hapo amerudisha tisa, kisha manane. Hiyo ni hesabu ya kutoa, inafanyika kwa mkono na jicho kabla ya daftari. Na dada mkubwa anayemwambia mdogo wake "bakiza mawili, hayo mengine rudisha" anafanya jambo alilolieleza Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934: kumsaidia mtoto kwenye lile analokaribia kuliweza, hadi aliweze peke yake.

Wazazi nao huja na hoja zao. "Mwalimu, mbona mwanangu anacheza tu, daftari halijajaa?" Nawaheshimu, maana wanaona wenzao wa shule za kulipia wakirudi na kurasa zilizojaa. Siku hizi namkaribisha mzazi aketi, amwone mwanawe akifinyanga udongo na kutunga shanga, nami namweleza kwamba misuli hiyo hiyo ya vidole ndiyo itakayoshika penseli. Uzamili umenipa ujasiri wa kulieleza hili bila kumdharau mtu.

Ila kuna jambo ambalo shahada haiwezi kulitatua. Mwongozo wa Tanzania unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na shule nyingi za serikali zimepita idadi hiyo mbali sana. Pale ambapo watoto wamebanana hadi mlangoni, hata sekunde tatu za mtoto mmoja ni ghali. Tangu mwaka 2014 sera yetu inataka elimu ya awali iwe ya lazima. Basi ajira za walimu wake zipewe uzito huo huo.