Gesi, Masizi na Pete ya Mpira: Utunzaji wa Remington 1100

Remington 1100 ni bunduki ya marisau inayojijaza yenyewe, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1963. Kila inapopigwa, sehemu ndogo ya gesi ya baruti hulitoa ganda lililotumika, hukoki upya na kuingiza risasi nyingine. Mpigaji hubaki na kazi ya kuachia kifyatulio na kukivuta tena. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 4, na nyingi bado zinapiga sahani za udongo viwanjani na bata mabwawani mikononi mwa wajukuu wa walionunua. Zinapoanza kukwama, wengi hudhani chuma kimechoka. Mara nyingi chuma ni kizima: ama gesi inavuja, ama njia yake imeziba, ama kuna uchafu unaozila nguvu zake kabla hazijafika kwenye boliti.

Kabla ya mfumo wa gesi kushika soko, bunduki iliyotamba miongoni mwa zinazojijaza ilikuwa Browning Auto-5, ambayo mtutu wake mzima hurudi nyuma pamoja na boliti kila risasi inapotoka. Ilifanya kazi vizuri, lakini teke lake begani lilijulikana. Kwenye 1100 mtutu hautikisiki mahali pake. Gesi husukuma vyuma vya ndani, na msukumo unaofika begani hutawanyika kwa muda mrefu kidogo, hivyo hausikiki kama pigo moja kavu. Ndiyo maana wapiga sahani, ambao humaliza mamia ya risasi kwa siku, waliipenda mapema.

Chini ya mtutu kuna pete nene ya chuma iliyounganishwa nao, inayovaa juu ya bomba la magazini. Ndani ya pete hiyo, mtutu umetobolewa vitundu vidogo. Marisau yakishavipita, gesi huingia humo na kukuta pistoni iliyovishwa kwenye bomba lile lile la magazini. Pistoni husukumwa nyuma, nayo husukuma mkono wa chuma wenye vyuma viwili virefu vinavyoshika boliti. Boliti hufunguka, huvuta ganda kutoka chemba, hulirusha nje kupitia mlango wa upande wa kulia, na wakati huo huo hukandamiza springi iliyofichwa ndani ya kitako. Springi ikijikunjua, boliti hurudi mbele na risasi mpya. Yote haya huisha kabla mpigaji hajahisi lolote zaidi ya msukumo begani.

Nguvu inayofanya kazi hiyo yote ni ya kukopa. Chemba ya bunduki ya namba 12 yenye risasi za inchi 2¾ imewekewa kikomo cha shinikizo cha pauni 11,500 kwa inchi ya mraba, lakini gesi inapofika kwenye vitundu, marisau yakiwa yameshasafiri kiasi, shinikizo limeshuka sana. Pistoni hupata mabaki. Mabaki hayo yakipungua hata kidogo, safari ya boliti huishia njiani.

Dalili huonekana kwenye maganda, na fundi mzuri huyasoma kabla ya kugusa bisibisi. Bunduki nzima hutupa maganda mahali pamoja, hatua chache upande wa kulia. Yakianza kuangukia karibu na mguu, gesi imepungua. Yakibanwa mlangoni nusu ndani nusu nje, boliti haikufika mwisho wa safari yake. Boliti ikikataa kubaki wazi baada ya risasi ya mwisho, ugonjwa ni ule ule, ila bado mchanga. Kinyume chake, maganda yanayoruka mbali isivyo kawaida na vyuma vinavyogonga kwa kishindo ni ishara ya gesi kupita kiasi, jambo linalochosha mwili wa bunduki na hatimaye kuupasua. Ganda likibaki chembani huku boliti imerudi nyuma, gesi haina kosa. Kulabu ya boliti imelika, au chemba imejaa utando wa plastiki unaoachwa na maganda.

Kuna dalili moja isiyohusu gesi ambayo ni lazima itajwe hapa. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, kupiga kunakoma papo hapo. Huenda kikombe cha plastiki kinachobeba marisau kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua mikononi mwa mpigaji. Bunduki hutolewa risasi na mtutu huchunguliwa kutoka upande wa chemba.

Chanzo cha kwanza cha kuangaliwa ni risasi zenyewe, kwa sababu ndizo rahisi kubadilisha. Risasi ya gramu 24, uzito unaotumika kwenye mashindano ya Olimpiki, hutoa gesi kidogo kuliko ya gramu 32 ya kuwindia, na baridi kali huipunguza zaidi. Mtutu nao una sauti yake. Kwenye namba 12, mitutu ya inchi 2¾ kwa kawaida ina vitundu viwili, na mitutu ya magnum ya inchi 3 ina kimoja tu, kwa kuwa risasi nzito hazihitaji zaidi. Aliyenunua bunduki kuukuu yenye mtutu wa magnum akailisha risasi nyepesi atahangaika mwaka mzima akibadilisha vipuri bure. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: risasi ya inchi 3 haipaswi kamwe kuingia kwenye chemba ya inchi 2¾, hata kama inaonekana kuenea. Urefu wa chemba umechongwa ubavuni mwa mtutu. Mwaka 1987 kampuni ilitoa 11-87, ndugu ya 1100 yenye vali ya kutoa gesi ya ziada, ili mtutu mmoja uweze kula risasi nyepesi na nzito pia.

Risasi zikiwa sahihi, bunduki hufunguliwa. Kwanza hutolewa risasi zote, kisha chemba na magazini huangaliwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole, mara mbili, na risasi huondolewa mezani kabisa. Nati ya mbele hufunguliwa kwa mkono. Ikiwa ilikuwa imelegea, huenda tatizo limeshapatikana, maana mtutu usiobanwa sawasawa huchezacheza na gesi huponyoka. Mbao ya mbele huvutwa, kisha mtutu. Kinachobaki ni bomba la magazini lililopakwa weusi, na juu yake, mbele ya pistoni, pete ndogo ya mpira ambayo mafundi huiita oringi.

Kipuri hiki cha bei ndogo ndicho chanzo cha malalamiko mengi kuliko vyote. Kazi yake ni kuziba nafasi kati ya pete ya mtutu na bomba la magazini ili gesi isitorokee mbele. Oringi nzima ni ya mviringo ukiikata, laini, na hurudi umbo lake ikivutwa kidogo. Iliyochoka imebonyea upande mmoja, ngumu kama ukucha, na mara nyingi ina mpasuko mwembamba usioonekana mpaka ipindwe kwenye mwanga. Joto la gesi huiua polepole. Kuivuta kwa nguvu juu ya bomba kavu huiua siku hiyo hiyo. Hupakwa tone la mafuta, hupitishwa taratibu hadi kwenye mfuo wake, na kubadilishwa bila huruma inapoonyesha ufa. Oringi za Viton hustahimili joto kuliko za mpira wa kawaida.

Pistoni na pete yake ya chuma ya kuzibia huondolewa pamoja, na ni busara kupiga picha mpangilio wake kwanza, kwa kuwa zikigeuzwa zinaanza kuvuja. Masizi ya nje ya bomba husuguliwa kwa brashi ya shaba na kiyeyushi cha bunduki mpaka pistoni iteleze kwa uzito wake yenyewe. Msasa haufai: mikwaruzo yake huwa makao ya masizi mapya.

Vitundu vya gesi husafishwa kwa waya laini, au kwa msumari wa keekee wa kipimo kile kile unaozungushwa kwa vidole tu. Hapa ndipo bunduki nyingi nzuri zilipoharibiwa. Mwenye haraka, akiona maganda yanaanguka miguuni, huchukua keekee na kuvipanua. Kwa muda bunduki hupiga vizuri. Kisha huanza kujigonga, kwa sababu ugonjwa ulikuwa oringi au uchafu, na sasa gesi imezidi. Tundu lililopanuliwa halirudi.

Sehemu inayosahauliwa na karibu kila mtu iko ndani ya kitako. Bomba la springi ya kurudishia hukusanya mafuta yaliyoganda, unga wa kutu na maji yaliyoingia siku ya mvua. Mwindaji wa bata anaweza kusafisha mbele kila wiki kwa miaka 20 bila kulifikia. Dalili yake ni boliti inayotembea kivivu hata ikivutwa kwa mkono. Kitako hutolewa kwa kufungua kibao cha nyuma, kisha kwa bisibisi ndefu. Kulowesha bomba kwa kiyeyushi na kulikausha kwaweza kufanywa nyumbani. Kuitoa springi yenyewe ni kazi ya fundi mwenye leseni, kwani imebanwa nyuma ya pini na inaweza kuruka usoni.

Mafuta huwekwa kidogo. Bomba la magazini hupakwa utando mwembamba unaohisiwa kwa kidole lakini hautiririki, maana mafuta mengi huungana na masizi kuwa lami. Chemba husuguliwa na kuachwa kavu. Baada ya kuunganishwa, nati hukazwa, na jaribio hufanywa kiwanjani kwa risasi mbili tu: ya kwanza ikitupa ganda na kuingiza ya pili, na boliti ikibaki wazi baada ya hiyo ya pili, mfumo uko sawa.

Remington ilifilisika mwaka 2020 ikauzwa vipande vipande, na kiwanda chake cha Ilion, New York, kilifungwa mwaka 2024. Vipuri vya 1100 havijaadimika, kwa sababu mamilioni ya bunduki zilizoko mikononi mwa watu huwapa watengenezaji wengine soko la uhakika. Wawindaji wazoefu, hata hivyo, huenda bwawani na oringi mbili za akiba mfukoni.