"Write Off": Maneno Mawili ya Kiingereza na Deni la Mkulima

Katika Kiingereza yako maneno mengi yaliyofanywa kwa kuunganisha kitenzi kifupi na neno dogo linalokifuata, na mtu aliyejifunza maana ya kila neno peke yake hawezi kwa hilo kujua maana ya yote mawili yakiwa pamoja. Mathalan "write" ni kuandika, na "off" huonyesha kitu kutoka mahali pake au kwenda mbali. Lakini "write off" si kuandika mbali. Wakulima wa miwa wa Bumula, katika kaunti ya Bungoma, wamelisikia neno hili mara nyingi tangu mwaka 2023. Kwao si jambo la darasani tu, maana kulifahamu vibaya huweza kumpotezea mtu fedha zake.

Asili yake ni daftari la hesabu. Mwenye duka aliyekopesha bidhaa huhesabu deni lile kuwa sehemu ya mali yake. Akiisha kuona kwamba hapana tumaini la kulipwa, huandika mstari mwingine wa kuliondoa katika jumla, ili daftari lisimdanganye kuwa yeye ni tajiri kuliko alivyo. Kiswahili nacho kina njia yake ya kutengua tendo: mtu hubandika kisha hubandua, huziba kisha huzibua, hutega kisha hutegua. Neno "off" hapa hufanya kazi iliyo karibu na mwisho huo wa -ua, ingawa si sawasawa kabisa.

Wafasiri wengi husema kwa Kiswahili "kufuta deni", na msikilizaji hufahamu mara moja kwamba deni limesamehewa. Hapo ndipo kosa linapoingia. Tuseme chama cha akiba na mikopo kimewakopesha wanachama wake shilingi 500,000, na kati ya hizo shilingi 20,000 ziko kwa mtu aliyehama na hajulikani aliko. Halmashauri ikikata shauri la "write off", hesabu ya mikopo huandikwa 480,000, na zile 20,000 huhesabiwa kuwa hasara. Lakini mkopaji hajaambiwa kitu, wala hajasamehewa kitu. Akionekana mwaka ujao na ng'ombe watatu, chama kina haki ya kumdai, na fedha atakazolipa zitaandikwa kuwa pato. Mabenki hufanya vivyo hivyo. Kufuta kwa namna hii ni shauri baina ya mkopeshaji na daftari lake. Kusamehe ni shauri baina ya mkopeshaji na mdaiwa, na hufaa liwe na barua iliyotiwa sahihi.

Haifai pia kudhani kwamba deni la kale hufa lenyewe kwa kunyamaziwa. Sheria ya Kenya ya mipaka ya muda wa kushtaki, iliyo sura ya 22, humpa mwenye kudai kwa mapatano muda wa miaka 6 kwenda mahakamani. Walakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, au akilipa sehemu yake, miaka huanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Kwa hiyo barua inayotaka sahihi ya mtu "ili deni lake lifutwe" yapasa isomwe mpaka mstari wa mwisho, na kama haifahamiki, isomewe na mwingine kabla ya kalamu kuguswa.

Sasa turudi kwenye miwa. Kampuni ya sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975, na mashamba ya Bumula ni miongoni mwa yaliyokilisha kiwanda chake kwa miaka mingi. Desturi ilikuwa mkulima kulimiwa shamba na kupewa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha gharama hizo, pamoja na za kukata na kusafirisha, kutolewa katika malipo yake wakati wa mavuno. Basi madeni yakawa ya namna tatu: mkulima alidaiwa na kampuni, kampuni ilidaiwa na mkulima kwa miwa aliyokwisha peleka, na kampuni hiyo hiyo ilidaiwa na serikali.

Mwaka 2023 Bunge la Taifa lilikubali madeni ya viwanda vya sukari vya umma yafutwe, nayo yalizidi shilingi bilioni 100. Mtu aliyesikia habari hii redioni, akiwa Kimaeti au Khasoko, angeweza kudhani kwamba makato yake yamefutwa. Na mwingine angeweza kuogopa kwamba malipo ya miwa yake ndiyo yaliyofutwa. Wote wawili wangekosea. Lililokusudiwa ni deni la namna ya tatu, yaani la viwanda kwa serikali na idara zake, pamoja na kodi. Fedha ambazo kiwanda kilimwia mkulima si za serikali, wala serikali haiwezi kusamehe kisicho chake. Mwaka 2025 viwanda vinne vya umma, Nzoia kikiwa kimojawapo, vilikodishwa kwa makampuni ya watu binafsi. Kukodisha nako si kufuta: deni la zamani hubaki juu ya aliyelifanya, isipokuwa mapatano yaseme vingine.

Kiingereza kina maneno mengine ya jirani, na yafaa kuyatenga. "Cancel" ni kubatilisha, na aghalabu huua deni lenyewe. "Waive" ni mtu kuacha kwa hiari kudai haki yake, kama riba au faini, huku deni lenyewe likibaki. "Forgive" ni kusamehe. "Pay off" ni kulipa mpaka senti ya mwisho, hata kama neno "off" humfanya msomaji adhani ni ndugu wa "write off". Kwa kweli ni kinyume chake, maana mmoja amepokea fedha zake na mwingine amekata tamaa. Nalo "write down" huweza kuwa kuandika chini tu, au katika hesabu kupunguza thamani ya kitu bila kuiondoa yote.

Nje ya daftari neno hili limetembea. Gari lililopinduka likavunjika hata gharama ya kulitengeneza ikazidi thamani yake, watu wa bima husema ni "write-off", na humlipa mwenyewe thamani badala ya kulitengeneza. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani mmoja, kisha mwalimu asimjali tena, husemwa kwamba ameandikwa hivyo hivyo. Na katika magazeti ya zamani ya Uingereza msomaji atakutana na "write off for", ambalo halina deni wala hasara ndani yake: ni kupeleka barua ili kuagiza kitu, kama orodha ya mbegu.