Shaka ya Mtafiti na Deni Lake Songo

Mtafiti mtetezi wa wanawake anapoingia nyumba ya mtaa wa Songo, pale Uvira mashariki mwa Kongo (DRC), kuuliza nani anashika pesa na nani anaamua mtoto yupi asome, mara nyingi huwa na swali lake pia: nina haki gani ya kuuliza? Shaka hiyo si ya leo. Mwaka 1988 Judith Stacey, mwanasosholojia wa Marekani aliyekuwa akichunguza familia za California, aliandika kwamba ule ukaribu na huruma ambao wenzake waliutegemea kuepuka dhuluma unaweza kumdhuru zaidi anayechunguzwa. Mmoja wa aliokuwa akiwachunguza alipofariki, Stacey alijikuta msibani akiwa mfiwa na mkusanyaji wa habari kwa wakati mmoja.

Uvira hatari hiyo iko karibu zaidi. Tuseme mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, anaficha faida yake kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, mume asijue. Mtafiti anambadilisha jina, kisha anaandika: mama wa watoto saba, mume dereva wa pikipiki, anauza ndagala ufukweni. Msomaji wa Ulaya hatamjua, lakini majirani watamjua kabla ya kumaliza sentensi. Na mama huyo anaishi chini ya Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ambayo, hata baada ya marekebisho ya 2016, bado inamtambua mume kuwa mkuu wa nyumba. Siri ikitoka, ni yeye atakayeulizwa jioni.

Atakayekutana na mume huyo sokoni ni mtafiti msaidizi, binti wa hapohapo aliyefungua milango. Watafiti wa Kivu na wenzao wa Ubelgiji waliliandika waziwazi jambo hili mwaka 2020 katika mkusanyiko wa maandishi uitwao Bukavu Series: wenyeji hubeba hatari, majina yao hayaonekani kwenye jalada.

Kukiri shaka katika utangulizi wa kitabu ni jambo la kweli, ila kunasomwa na maprofesa. Mimi naona uwajibikaji unaanzia kwingine. Kabla ya kuchapa, mama asomewe maneno yake akiwa peke yake, kwa Kiswahili au Kifuliiru, na mume asomewe ya kwake, naye peke yake. Msaidizi awe na sauti ya kukataa. Na mama akisema habari ya likelemba ifutwe, ifutwe, hata kama sura nzima imejengwa juu yake.